Mikono ya Mama kwenye Kitabu cha Kijerumani

Jumatatu, 5 Januari

Wageni wa chumba namba nne wameondoka asubuhi. Wajerumani, mke na mume. Wameacha mchanga kitandani, mafuta ya jua nusu chupa, na mistari sita kwenye daftari la wageni. Nimeupiga picha ukurasa, nikagusa mstari mmoja mmoja, simu ikanieleza kwa Kiswahili. Wamesifu chai. Mstari wa tano, simu inasema, ni lalamiko lililovikwa adabu: wanaposema "sauti za mapema mno" wanakusudia adhana. Tajiri wangu, mwenye hoteli, kacheka mpaka kakohoa.

Wanaiita akili mnemba. Mnemba ninayoijua mimi ni kisiwa. Lakini tangu mwezi wa tisa nasoma nayo Kijerumani na Kitaliano cha wageni hapa mapokezi, na haichoki kuulizwa. Haiishii kwenye tafsiri. Inakwambia mtu kasema kwa furaha au kwa kinyongo, na anayesemwa ni nani. Shuleni sikupata mwalimu mvumilivu hivyo.

Chini ya mto wameacha kitabu cha Kijerumani. Jaladani kuna mikono ya mwanamke mzee inasugua liwa, ule mti wa manukato, kwenye jiwe. Kidole cha shahada cha kushoto hakina ukucha.

Ni mikono ya mama. Kitabu kimeandikwa na Ulrike.

Jumanne, 6 Januari

Ulrike alikaa kwetu Kiponda miezi minane, miaka sita iliyopita. Alichukua chumba cha juu. Alisema anachunguza maisha ya wanawake wa mjini. Siku ya tatu mama alishaanza kumwita mwanangu. Mbele yangu.

Mama ni somo. Anafunda mabiharusi, mjini na Ng'ambo, miaka arobaini sasa. Siku saba kabla ya harusi anajifungia na biharusi chumba cha ndani, na yanayosemwa humo hayatoki. Asiyeolewa wala kuposwa haingii. Mimi nina miaka arobaini na tano na sijaolewa, kwa hiyo siku hizo nasimamia sufuria. Ulrike naye hakuwa na mume wala mchumba. Mama alimwingiza. Alimfunda peke yake kwanza, akamwapisha, kisha akamkalisha pamoja na mabiharusi. Niliuliza kwa nini yeye. Nikajibiwa kuwa yule ni mpita njia, hana wa kumsimulia.

Na alikuwa akiandika palepale mbele yake! Nilimwambia mama amkataze. Akanijibu, "Mwache aandike. Kijerumani hichi nani atakisoma hapa?"

Leo nimempelekea kitabu. Kaitazama mikono yake, kaibusu. "Mwanangu kanitia kitabuni!" Kamwita jirani yetu Bi Saada aje aone. Kimewekwa kwenye kabati la vioo, pamoja na vikombe vya Kichina visivyonywewa chai. Hakuna aliyeuliza ndani mna nini.

Mama alipokwenda maulidini nilikipiga picha chote. Kurasa mia mbili na kumi. Mkono umeniuma.

Alhamisi, 8 Januari

Kurasa thelathini za mwanzo ni bahari, harufu ya karafuu, milango. Nilisinzia. Ukurasa wa arobaini na moja mlango wa chumba cha ndani umefungwa, na sisi tuko ndani.

Sitaandika hapa alichoandika Ulrike. Hata kwenye daftari langu mwenyewe siandiki. Lakini nimesoma. Nimesoma nikiwa mapokezi, wageni wanapita, mimi naelekeza watu kwenye choo huku uso unawaka. Kila nilipokwama niligusa sentensi. Simu ikanieleza kwa upole, kama daktari, desturi hii ina maana gani na kwa nini mwanamke mzee anamwambia msichana vile.

Wasichana wa miaka ishirini wanayajua haya. Wanatoka chumbani kwa mama wameinamisha macho, wananipita jikoni, wanajua. Mimi nimeyajua leo, kutoka kwa Mjerumani, kwa kusomewa na simu.

Nina hasira. Na nilitaka kuendelea kusoma. Yote mawili.

Jumamosi, 10 Januari

Nimejikuta. Sura ya saba.

Ulrike kabadilisha majina ya watu wote. Mimi kanipa jina la Mariam. Mariam anapita kurasa kumi na mbili akiwa na sinia la chai. Anaingia, anaweka, anatoka. Ana nyusi zilizokutana na mdomo "unaosubiri kulalamika". Nikagusa hapo. Simu: "Mwandishi anatumia kejeli nyepesi. Anamfananisha binti na saa ya ukutani ambayo watu wa nyumbani hawaisikii tena. Msomaji anatarajiwa kutabasamu."

Halafu ikauliza kama ningependa maelezo zaidi kuhusu kejeli hiyo.

Nilibonyeza ndiyo. Mjinga mimi. Ikanieleza kwa aya tatu.

Jumatatu, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi. Sikwenda kazini. Mama kalala baada ya chakula. Nimesoma barazani.

Ukurasa wa mia na thelathini na nane. Ulrike anamuuliza mama kwa nini Mariam hakuolewa. Mama anacheka. Anasema alikuja mwanamme mmoja, mwalimu wa hesabu wa Makunduchi, na shangazi yake, wakaposa. Mama akawajibu kwamba binti hamtaki. Hakuniuliza. Anasema mtoto wa kike ni huyo mmoja, akitoka nani atampikia, nani atamshika mkono akizeeka? Anamalizia kuwa Mariam mwenyewe hajui mpaka leo, na bora asijue, maana ana ulimi.

Simu: "Mama anasema haya kwa kucheka. Hajutii. Anamwona msikilizaji kama mtu asiyeweza kumfikishia binti habari."

Mwalimu Haji. Nilikuwa karani wa shule aliyokuwa akisomesha. Alikuwa akinipa chaki zilizovunjika kama zawadi, tukicheka. Alikuja kwetu na shangazi yake siku ya Alhamisi, wakanywa sharubati ya ukwaju niliyoitengeneza mimi, wakaondoka. Jumatatu shuleni hakunitazama. Mwisho wa muhula akahamia Pemba. Nilidhani alinitazama vizuri akaona siyo. Miaka ishirini na mbili nimeamini hivyo. Kila nilipokaa mbele ya kioo nilitafuta alichokiona.

Hakuona kitu. Aliambiwa simtaki.

Nimeupiga picha upya ukurasa ule mara tatu, labda simu imekosea. Mara tatu imebadilisha maneno. Habari ni ileile.

Jumanne, 13 Januari

Kuna bibi wa Kijerumani chumba namba mbili, mwalimu mstaafu. Wakati wa chai ya asubuhi nimempa picha ya ukurasa, nikamwomba anieleze kwa Kiingereza. Kanieleza. Ni hivyohivyo. Akasema kitabu hicho amekisoma, kinachekesha sana, hasa yule binti.

Nikamwongezea kahawa.

Jumatano, 14 Januari

Mama ana presha. Daktari kakataza chumvi. Leo nimeutia chumvi uji wake, kijiko kizima, kwa makusudi.

Kaunywa wote. Kaniuliza tu kama naumwa, maana nimenyamaza tangu juzi. Nimesema kichwa.

Sitarudia. Siyo kwa huruma. Chumvi ni kidogo mno kwa lile alilofanya.

Ijumaa, 16 Januari

Harusi nyingi kabla ya Ramadhani. Mama kapata biharusi wa mtaa wa Amani, Ruwaida, anaingia chumbani tarehe ishirini na mbili. Dada yake Ruwaida anaitwa Salma. Mama alimfunda Salma vilevile, mwaka ule Ulrike alipokuwapo. Baba yao anauza magodoro sokoni Mwanakwerekwe. Watu wazuri. Kila sikukuu wanamletea mama kanga.

Na ukurasa wa mia na kumi na mbili una biharusi wa Amani ambaye baba yake anauza magodoro. Analia magotini mwa somo wake. Anamwambia kwamba yuko mwengine, kwamba alishakuwa naye, kwamba anaogopa usiku wa kwanza. Somo anamfundisha la kufanya ili mume asijue. Ulrike kaandika yote, pamoja na alama ya kuzaliwa iliyo shavuni kwa yule biharusi.

Kabadilisha majina. Magodoro hakubadilisha, wala shavu.

Jumapili atakuja Salma kuchukua orodha ya vitu vya mdogo wake. Nimewaza siku nzima. Nimewaza kwa utulivu, kama mtu anayepanga mapishi.

Jumapili, 18 Januari

Nimefanya.

Salma kafika saa kumi, na mtoto mgongoni. "Shikamoo Bi Zuwena." "Marahaba." Mama alikuwa chumba cha ndani anasugua liwa. Nimemkalisha Salma sebuleni, nikamtolea kitabu kabatini. Akaijua mikono. Akafurahi, akasema laiti angejua Kijerumani. Nikamwambia siku hizi haina haja. Nikampa simu yangu, nikamwonyesha pa kupiga picha na pa kugusa. Nikafungua ukurasa. Sikusema ni wa nini. Nikamchukua mtoto mgongoni kwake, nikamshika mimi.

Nilijua, na niliufungua kwa mkono wangu. Naandika hivi ili nisije nikajidanganya baadaye.

Kasoma. Kagusa sentensi, kagusa nyingine. Mkono mmoja ukaenda shavuni ukabaki hapo. Hakulia. Kaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani mwengine kasoma?"

Nikamwambia kitabu kinauzwa.

Kamchukua mtoto wake. Orodha kaiacha mezani. Mama akatoka na mikono imejaa liwa, akauliza mbona Salma kaondoka bila kumwona. Nikasema mtoto alikuwa na homa.

Nimefurahi kama saa moja hivi.

Jumatano, 21 Januari

Kaja mwanamke kutoka Amani, shangazi yao. Hakukaa. Karudisha udi na kanga za somo alizopelekewa Ruwaida. Kasema mtoto wao amepata somo mwengine. Mama kauliza kosa lake. Kajibiwa, "Muulize huyo uliyempa yetu." Akashuka ngazi.

Mama kaniangalia. Nikaangalia ngazi.

Kakaa kitini mpaka magharibi. Anasema ni husuda, kuna mtu kapeleka maneno. Anayataja majina ya masomo wengine wa mjini mmoja mmoja. Langu halimo.

Jumamosi, 24 Januari

Wawili wengine wamejitoa. Mmoja wa Malindi, mmoja wa Nungwi. Bi Saada hakuja kunywa kahawa, siku ya tatu leo. Kumbe hata yeye mjukuu wake ana simu.

Mama kapika mwenyewe. Kaunguza.

Jumanne, 27 Januari

Salma karudishwa kwao. Talaka moja.

Nimesikia sokoni Darajani, kwa muuza samaki, mtu asiyemjua hata Salma. Anasema Salma alimwambia mama yake, mama akamwambia shangazi, na shangazi hana breki. Ikamfika mume. Mume akaagiza kitabu kwa rafiki yake anayeishi Ulaya, akatumiwa picha ya ukurasa mmoja tu. Akaupitisha kwenye simu. Watoto wawili, na yule wa mgongoni hajafika mwaka.

Nilitaka mama aumie. Salma nilimwona kama mlango wa kupitia. Mlango haupigi kelele ukisukumwa, ndivyo nilivyofikiri. Nimenunua samaki, nimesahau chenji, nimerudi nyumbani. Samaki nimemtupa.

Sijui nimwandikie nini. Msamaha wa nini? Wa kumwonyesha kitabu? Alishukuru nilipomfungulia.

Alhamisi, 29 Januari

Mama kajua kwamba ni kitabu. Leo baada ya alasiri kakitoa kitabu mwenyewe, kaniwekea mapajani. "Nnasikia simu inakisoma. Nisomee."

Nikamsomea. Tangu ukurasa wa arobaini na moja. Nilipiga picha, nikagusa, nikasoma maelezo kwa sauti, polepole, bila kuruka hata mstari. Nilipofika kwenye yale ya chumbani alifumba macho. Si kwa kuona haya. Alikuwa akisikiliza kama ninayasema sawasawa.

Kwenye ukurasa wa Salma alijifunika uso kwa ukaya. Kasema, "Mtoto wa watu." Kasema mara nyingi, sikuhesabu.

Ulrike aliapa mbele yake kwa mkono juu ya kichwa. Mama anashindwa kuelewa. Siyo kwamba hajui watu wanavunja viapo. Anashindwa kuelewa mtu aliyekalishwa mkekani, akafundwa, akaogeshwa, akapakwa liwa na mikono ile, anawezaje kuwa mtu wa nje. Kwake yeye hilo haliwezekani, sawa na mtu kutoka tumboni halafu asiwe amezaliwa. Na mimi niliyezaliwa kweli nilikuwa jikoni. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia kwa sauti kubwa.

Kisha sura ya Mariam. Sikuacha kitu, hata kejeli. Nikafika kwa mwalimu Haji. Nikaweka simu chini nisikie atasema nini. Nilitaka akane. Nilitaka hata aseme Ulrike mwongo.

"Hilo kweli," kasema. "Ungekwenda Makunduchi, mie nani angenishika?"

Hivyo tu. Hakulia wala hakuomba radhi. Nikamwambia Mwenyezi Mungu atamuuliza. Akasema anajua. Nikamwambia mimi ndiye niliyempa Salma ukurasa ule, nikamshikia na mtoto ili asome. Nilimwambia nikimtazama machoni, nilitaka lichome.

Mwadhini kaanza, kamaliza. Ndipo akasema, "Mie nilisema na mtu niliyedhani hasomeki. Wewe ulimpa Salma mwenyewe, na ukamshikia mtoto."

Nimeingia chumbani kwangu. Sijala.

Jumatatu, 2 Februari

Nimekwenda Amani. Nimebisha hodi kwao Salma. Kafungua mwenyewe. Kaniamkia vizuri, shikamoo kamili, kama alivyofundishwa. Nimesimama nje. Nimesema samahani. Kasema hapana neno, kasema alikuwa anataka kuniuliza kitu kimoja tu: niliusoma ukurasa kabla sijampa?

Nimesema ndiyo.

"Haya, Bi Zuwena. Msalimie mama." Kafunga mlango taratibu, mtoto asiamke.

Jumamosi, 7 Februari

Kazini. Wageni wapya, Wataliano watano. Mmoja kaandika daftarini. Simu imenieleza kuwa kanisifu mimi: mkarimu, mwenye macho ya huzuni. Nimeifunga kabla haijaniuliza kama nataka zaidi.

Nilimtafuta Ulrike mtandaoni. Anasomesha chuo kikuu. Ana nywele fupi sasa. Nimemwandikia barua, nikaifuta, nikaandika nyingine, nikaifuta. Kila niliyoandika ilimlaumu kwa jambo nililofanya na mimi.

Jumapili, 15 Februari

Vunjajungu leo. Mji mzima umekwenda kula pwani kabla ya mfungo. Sisi tumebaki. Hakuna aliyekuja kutuita.

Baada ya chakula mama kaniita. "Zuwena." "Naam." Alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, kajitanda kanga mpya. Akanipigia mkeka kwa kiganja nikae.

Kasema mama hafundi mwanawe, hilo anajua, ni mwiko na yeye mwenyewe kawazuia wengine. Lakini hana biharusi tena na hatapata. Kasema hataki kufa na mafunzo yake. Kisha akashusha sauti, akaanza. La kwanza kabisa, lile wanaloanzia wote.

Nililijua. Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa nane. Sauti yake ilikuwa nyengine kabisa na ya kitabu, laini, na mkono wake aliuweka gotini pangu. Nilimwacha mpaka la pili. Ningeweza kumwacha mpaka mwisho, isingenigharimu kitu. Miaka yote niliyosimama kwenye moshi nilikuwa nikitaka jambo hilo moja.

"Nshasoma, mama," nikamwambia.

"Yote?"

"Yote."

Akauondoa mkono. Akatazama mkeka kidogo, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Kisha akaniomba nimnyanyue, miguu imemfa ganzi.

Nikamnyanyua. Kesho nina zamu ya asubuhi.